Hodi Ndani ya Simu

Mimi najua kupika. Naliweka hili mwanzoni kabisa, asije mtu akafika hapo mbele akaanza kunitilia shaka. Kazi yangu ni ushonaji, cherehani yangu iko barazani hapa Nachingwea na wateja ninao, lakini nikiingia jikoni hata jirani mwenye maneno yake hunyamaza, akaleta bakuli. Kisamvu changu hutwangwa kwenye kinu, na tui la korosho naliweka mwishoni, moto ukiwa umeshatulia. Kwa hiyo mama mkwe wangu alipokuja kukaa kwetu akawa hali chakula, niliumia kuliko ninavyoumia mteja akirudisha gauni.

Alitoka Chunyu, upande wa Ruangwa, akiwa mgonjwa. Kizunguzungu kilimwangusha shambani wakati wa kupalilia ufuta. Wanawe wakafanya kikao kwa simu, wakaamua aje kwetu kwa kuwa sisi tuko karibu na hospitali. Daktari alimpima, akasema damu imepungua na tumbo lina vidonda. Akampa vidonge kwa sharti moja, vinywewe akiwa ameshiba, asubuhi na jioni. "Asipokula, hivi vidonge vitamla yeye," aliniambia mimi, na mume wangu amesimama palepale. Jioni wifi yangu mkubwa naye akapiga kunikumbusha kwamba mama yao wamenikabidhi akiwa na mwili wake. Nikamwambia aondoe shaka, siku akija kumchukua atamkuta hapiti mlangoni.

Kumbe nilisema mapema. Mama mkwe ni mwembamba, mfupi, na ulimi wake haujawahi kuugua. Kiswahili chake amekichanganya na Kimwera, na akikasirika Kiswahili chote kinaondoka, kinabaki Kimwera kitupu, mume wangu akawa ananitafsiria. Najua hunitafsiria nusu. Siku aliyofika alishuka kwenye gari na vitu viwili tu mkononi, furushi la ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha tukatafuna kwa chumvi na pilipili, na kiredio chake cha betri ambacho hakiachi hata akienda kuoga. Anapenda mpira yule bibi. Timu ya nyumbani ikicheza, wagonjwa wote ndani yake wanapona.

Usiku wa kwanza nilitandika mkeka, nikaweka ugali na kisamvu, tukanawa. Nieleze na jinsi tulivyokuwa tunakula siku zile. Mume wangu ana duka la spea za pikipiki, na wateja wake wengi hawapendi kuandika, wanamtumia sauti. Yeye hula kwa mkono wa kulia, kushoto anazisikiliza sauti hizo moja baada ya nyingine. Binti yetu, yuko kidato cha tatu, huwa na vile vidude vya masikioni, na ukimwita unajibiwa na mabega. Mimi nilikuwa nakula huku natazama mitindo ya vitenge, na kuna dada mmoja huko anaonyesha mishono huku anacheka kila baada ya neno. Hayo kwangu yalikuwa kazi, si starehe, na yeyote aliyesema vinginevyo tuligombana.

Mama mkwe akasema, "Karibuni."

"Asante mama, tumeshakaribia," tukajibu.

Akangoja kidogo, akasema tena, "Karibuni, tunakula." Safari hii hakuna aliyemjibu, tulidhani anarudia tu kwa adabu. Alikata tonge, akalikandakanda, akalirudisha sahanini. "Nimeshiba," akasema, na hakuwa ameonja.

Nikasema ni uchovu wa safari. Kesho yake nikasema ni ugeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu wangu ya tatu ilifika na hata tonge alikuwa halimezi, jembe atalishika na nini? Nikampikia wali wa nazi. Nikampikia mbaazi, choroko, uji wa ulezi wenye ufuta uliosagwa. Kuku nikamchinja, kuku mtagaji, na aliyenijua wakati ule anajua maana yake. Kila mara ni yaleyale, ananawa, anasema karibuni, anangoja, anasogeza sahani. Mchana mimi nikiwa barazani alikuwa akitafuna ming'oko yake peke yake jikoni, kwa hiyo mdomo ulikuwa mzima. Nikakata shauri kwamba tatizo ni mkono wangu. Usingizi ukapungua.

Nikafanya kile anachofanya kila mtu siku hizi, nikaiuliza simu. Nikampata mtaalamu mmoja wa lishe akieleza vizuri sana umuhimu wa kula bila kuangalia simu, mtu aone chakula chake, akinuse, atafune taratibu. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nilimsikiliza nikiwa nakula. Ila lile la kutafuna lilinikaa, jioni nikatangaza kwamba kuanzia leo katika nyumba hii chakula kinatafunwa taratibu.

"Hata ugali?" mume wangu akauliza. "Ugali unatafunwa?"

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu, lakini kula hakula. Tulipomrudisha hospitali, daktari alitazama mizani, akanitazama na mimi. Akasema akimwona tena amepungua atamlaza na kumwekea dripu. Njia nzima ya kurudi mama mkwe alikuwa ananisimulia mechi ya juzi, na mimi nilikuwa nahesabu mifupa ya mkono wake alioniegemezea. Nilimpenda yule bibi, tusidanganyane. Nilikuwa naogopa.

Halafu siku moja umeme ukakatika asubuhi, ukakaa hukohuko ulikokwenda. Ilipofika jioni simu zote zilikuwa zimekufa. Mteja wangu wa Mtua alikuwa ameniletea unga wa muhogo, basi nikasonga ugali wa muhogo, nikaunga matembele kwa korosho, tukakaa mkekani kabla giza halijaingia. Mama mkwe akasema karibuni, tukasema asante mama, tuko pamoja. Akangoja kama kawaida yake, akasikiliza huku na huku. Kisha yule bibi akala. Alikula kama mtu aliyetoka kulima ekari, akafuta bakuli la mboga kwa tonge la mwisho, akaomba vidonge vyake mwenyewe.

Nilivimba kichwa mimi. Nikasema dawa imepatikana, ni muhogo wa Mtua. Kesho yake nikamwagiza yule mteja aniletee unga mwingine, nikamwahidi nitamshonea bila kumpanga foleni. Nikasonga uleule, nikaunga matembele yaleyale, sufuria ileile. Umeme ulikuwa umerudi. Mama mkwe akanawa, akasema karibuni, akangoja, akasogeza sahani.

Hapo uvumilivu ukaniisha. Asubuhi nilimfuata jikoni, alikuwa amekaa kwenye kigoda anachagua choroko, nami nikakaa chini mbele yake. "Mama," nikasema, "nimekukosea nini? Kama chakula changu kibaya, niambie. Mimi nina mdomo lakini na masikio ninayo."

"Chakula chako hakina kosa," akasema. "Chumvi unazidisha, lakini hilo tutaliongea siku umepoa."

"Sasa kwa nini huli?"

Akaendelea kuchagua choroko. "Jana yule kijana kabisha hodi tena."

"Kijana gani?"

"Wa kwenye simu ya mwanangu. Kasema hodi, hodi bosi. Nikamwambia karibu, tunakula. Hakuitika. Akaanza habari za cheni na taa ya nyuma. Sasa mwanangu, mtu kabisha hodi, umemkaribisha kwenye chakula, hajasema asante nimeshiba, hajasema endeleeni, wala hajaja kunawa. Wewe tonge unalipitishaje?"

Nikajua sasa akili imeanza kumtoka. Nikamwambia polepole, kama mtu anavyosema na mtoto, "Mama, ile ni simu."

Akaacha choroko. "Simu naijua. Wanangu wamenizika kwenye vikao vyao vya simu nikiwa hai, nitaachaje kuijua simu? Nakuuliza wewe. Aliyemo ndani si mtu?"

Nikachota choroko, nikaanza kuchagua na mimi.

"Na wewe unaye wako, yule anayechekacheka," akaendelea. "Naye namkaribisha kila siku, anacheka tu. Na mke mwenzangu ana wake, kamficha masikioni." Mke mwenzangu ni mjukuu wake, ndivyo wanavyotaniana. "Huyo ndiye mbaya zaidi. Mgeni unamfichaje wakati wa chakula? Kila mtu kaja mkekani na mgeni wake, wageni wote wamekaa na njaa, nile mimi peke yangu? Nitaonekana mlafi ugenini."

Nilicheka nikalia papo hapo. Nilikuwa nimechinja kuku mtagaji, ndugu msomaji, kwa ajili ya kijana wa cheni.

Jioni ile nikachukua kikapu cha ukindu, nikakitundika kwenye msumari mlangoni, nikasema kabla ya kunawa kila mtu aweke mgeni wake humo. Binti aliweka huku amevuta mdomo. Mume wangu akagoma. Akasema duka halina saa ya kula, mteja akipiga asipopokelewa anakwenda kwa mwingine.

Mama yake akamuuliza, "Mteja akija dukani ukiwa chooni, inakuwaje?"

"Anasubiri."

"Basi."

Simu ikaingia kikapuni. Mama mkwe akasema karibuni, tukaitika wote watatu, akasikiliza, kukawa kimya. Alikula taratibu, hakuacha kitu. Usiku ule nililala mpaka jogoo akanikuta bado usingizini.

Sisemi kwamba ilikuwa rahisi. Siku za mwanzo tulikula kama watu walio msibani. Hatukuwa na la kusema, tukawa tunasikiliza kikapu kinavyotetemeka ukutani. Mume wangu kila kikilia anameza ovyo, mara mbili alipaliwa. Ila mtu akinyamazishiwa simu, macho yake lazima yaende mahali, na yetu yakaenda kwenye chakula na kwenye nyuso. Ndipo nikaona binti yangu ana kovu dogo kidevuni nisilolijua, nikauliza, ikawa hadithi ndefu ya netiboli shuleni. Ndipo na mimi nikagundua kwamba chumvi, kweli, nilikuwa nazidisha. Nilipunguza bila kumwambia mtu.

Muziki ukawa na kesi yake. Bibi alisema wimbo ukisikilizwa na sikio moja ni uchoyo, kama kula korosho chini ya khanga. Kwa hiyo wakati wa kupika vile vidude vya masikioni vikatoka, binti akawa anafungulia muziki wake kwa sauti ya jikoni nzima. Siku ya kwanza ilikuwa singeli. Bibi alisikiliza kwa makini sana.

"Huyu anakimbizwa na nani?" akauliza.

"Hakimbizwi, bibi. Ndio mdundo."

"Basi apumzike, anywe maji."

Lakini kesho yake nilimkuta anatwanga kisamvu kwa mdundo uleule, kichwa kinakwenda. Naye akalipa deni lake, akamfundisha binti wimbo wa kutwangia wa Kimwera, wenye mstari unaoangukia pale mchi unapopiga. Binti hajui Kimwera, anauimba kwa kukisia, na bibi alikataa katakata kumwambia maana yake mpaka aolewe. Nilimuuliza mume wangu. Akasema hajui, akatoka nje.

Halafu siku ya mechi ikafika. Timu ya nyumbani inacheza, na mpira umeangukia palepale kwenye saa ya kula. Mama mkwe alikuja mkekani na kiredio chake kama vile hakuna sheria duniani, akakiweka karibu na goti. Mume wangu alikuwa anaingoja siku hiyo, niliona kabisa anavyojilamba.

"Mama," akasema kwa adabu zote, "na huyo mtangazaji? Si mtu?"

Tulimkazia macho. Alikunja uso, akatazama redio, akatazama ugali. Hakuwa mtu wa kukubali kushindwa, na mpira hakuwa tayari kuukosa. Akainama, akaisogelea redio mdomo kwa mdomo. "Karibu," akaiambia, "tunakula."

Na mtangazaji kule uwanjani, sijui mwenzake alikuwa amempa nini, akasema, "Naaam, asante sana, asante sana."

"Mmesikia?" mama mkwe akasema. "Kashukuru. Tule." Akakata tonge. Mume wangu alijilaza chali kwenye mkeka kwa kicheko, na kwa miaka yote ya ndoa yetu sikuwa nimemwona akicheka vile.

Akapona. Uso ulijaa, vizunguzungu vikakoma, daktari alipotazama mizani akaniita mama mchapakazi. Wifi alipokuja kumchukua alimkuta mama yake amekaa barazani ananikosoa jinsi ninavyokata kola, mlangoni alikuwa anapita bado lakini kwa shida kidogo, nikahesabu nimetimiza ahadi. Vidonge aliambiwa aendelee navyo. Ufuta ulikuwa unamngoja Chunyu, na hakuna aliyeweza kumzuia. Mume wangu akamnunulia kitochi, kile kisimu kidogo chenye tochi, akamwonyesha kitufe cha kutupigia. Alikishika kwa ncha za vidole, akasema hakitaki, akakitia kifuani.

Nyumba ikapooza. Kikapu tuliendelea nacho, sijui kwa mazoea au kwa kumkumbuka. Pale alipokuwa anakaa, upande wa ukutani, hakuna aliyekwenda kukaa, ingawa mkeka wenyewe si mkubwa na tulikuwa tunabanana.

Hazikupita siku nyingi, jioni tumeshanawa, kikapu kikalia. Tukaacha, maana sheria ni sheria. Kikanyamaza, kikalia tena. Binti akainuka kuchungulia, akasema, "Ni bibi." Nikaipokea mimi.

"Hodi," akasema.

"Karibu mama. Tunakula."

Nikangoja aseme asante, endeleeni, akate. Hakukata. Nikasikia mbuzi analia kwa mbali huko kwao.

"Mmepika nini?" akauliza.

"Kisamvu, mama, na ugali wa muhogo."

"Na mimi nimepika. Mbaazi."

"Umeshakula?"

Akasema, "Chakula kipo hapa mbele yangu. Jirani yangu kaenda Namungo, kwa mwanawe aliye machimboni, hajarudi. Nimesema karibu, nimesema tena. Hakuna mtu. Kimepoa."

"Na dawa?"

"Dawa si mpaka nile."

Mume wangu aliacha tonge. Kumbe ming'oko ile aliyokuwa akiitafuna jikoni ilikuwa vitafunio tu, kitu cha kupitisha muda. Chakula kwake kilikuwa kile chenye mtu wa kuitika. Mimi nilikuwa nimemrudisha Chunyu amenona, nikajisifu mtaa mzima, na sikuwa nimejiuliza atakaa mkekani na nani.

Binti ndiye aliyechukua simu mkononi mwangu. Akaifungulia sauti, akaiweka mkekani, upande ule wa ukutani ambao tulikuwa hatuukalii. Akapiga magoti, akainama mdomo kwa mdomo na simu.

"Bibi," akasema, "karibu, tule."

"Asante, mke mwenzangu," bibi akasema. "Ngoja ninawe."

Tukasikia maji yakimwagika kule Chunyu, na kifuniko cha sufuria kikiwekwa chini. Nikasogeza bakuli la kisamvu kidogo, likaelekea upande wa simu. Machozi yalikuwa yananitoka, na mume wangu alijifanya hanioni.

"Mwanangu," sauti ikasema, na mdomoni mna tonge, "chumvi umepunguza?"

"Nimepunguza, mama."

"Haya. Kuleni."